Bastola ndogo za zamani walizotuachia wazee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Matanga yakishavunjwa, ndugu hukaa kugawana vitu vya marehemu. Ndipo sanduku la chuma la chini ya kitanda hufunguliwa, na kati ya vitabu vya akiba, medali ya kazi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, na picha za harusi hukutwa bastola ndogo iliyoviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Maswali yaliyo hapa huulizwa baada ya hapo, na wajane, wajukuu, walinzi wastaafu na wazee wachache wenye ruhusa ambao wameishi na bastola hizi tangu ujana wao. Majibu yametoka kwenye meza ya ufundi na kwenye midomo ya wenye nazo.

Nitajuaje ni bastola ya aina gani?

Kabla ya yote soma jibu la swali la tatu hapa chini, kisha urudi. Ukishahakikisha iko tupu, tazama ubavu wa kushoto wa kulasi, kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma. Ukikuta FABRIQUE NATIONALE D'ARMES DE GUERRE HERSTAL BELGIQUE, hiyo ni kazi ya FN, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1889 pale Herstal, karibu na mji wa Liège. Nyingi zilibuniwa na John Moses Browning, Mmarekani wa Ogden, Utah, aliyefia hukohuko Liège mwaka 1926 akiwa kazini kiwandani.

Ile yenye pua nene, kana kwamba ina mitutu miwili iliyopandana, ni ya mwaka 1900. Mtutu wake uko chini, springi iko juu. Inakula risasi 7 za milimita 7.65. Ile inayopotea ndani ya kiganja, ya 6.35, ni ya 1906 au ile waliyoiita Baby, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa mkono wa Dieudonné Saive. Kuzitofautisha ni rahisi: ya 1906 ina kibao cha usalama nyuma ya mshikio kinachobonyea ukiikamata, Baby haina.

Ya 1910 ni laini kila upande, haina nyundo inayoonekana, na mdomoni pana pete yenye vijino vidogo. Springi yake imezunguka mtutu wenyewe. Ya 1922 ni hiyohiyo iliyorefushwa mtutu na mshikio, ikabeba risasi 9 za 7.65 badala ya 7. Nyingine zina mihuri midogo ya tai, maana Wajerumani walipoishika Ubelgiji katika vita vya pili waliendelea kuzitengeneza kwa ajili ya jeshi lao.

GP 35, nayo ya FN, si ndogo, lakini naletewa mara kwa mara na watu wanaodhani ni ndugu mkubwa wa hizo. Ina nyundo ya nje, sharjeri, yaani kisanduku cha risasi, ya risasi 13, na risasi yake ni 9 Parabellum. Nje ya ukoo wa Herstal utakutana na Walther PPK ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, Makarov ya Warusi yenye nyota kwenye mshikio, Beretta ya 1934, na Wahispania wa Eibar ambao majina yao ni mengi kuliko ubora wao.

Kuna alama nyingine ndogo ambazo watu huzidhania kuwa siri ya jeshi: herufi ELG ndani ya duara la umbo la yai lenye taji, au kimnara kidogo. Hizo ni za nyumba ya majaribio ya Liège, iliyokuwepo tangu 1672. Zinaonyesha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa risasi kali kabla ya kuuzwa. Hazikuambii kitu juu ya hali yake leo.

Na kama ni nyepesi ajabu, na ukichungulia mdomoni unaona umezibwa, huenda ni bastola ya baruti tupu, ya kuanzisha mbio au kutisha mbwa. Hata hiyo usimwachie mtoto.

Kwa nini hapa kwetu za Ubelgiji ndizo nyingi?

Kwa sababu Wabelgiji walikuwa hapa. Afisa wa koloni, mhandisi wa mgodi, mwenye duka la Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wote waliweza kununua bastola ya Herstal kama walivyonunua baiskeli. Julai 1960 Force Publique, jeshi la koloni, iliasi, na tarehe 11 ya mwezi huo Tshombe, kiongozi wa Katanga, akatangaza Katanga imejitenga. Familia nyingi za Wazungu zilikimbilia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na kuacha nyumba na vyombo. Kilichokuwa kwenye droo ya meza kilibaki na mpishi, na dereva, na aliyehamia nyumba ile. Kisha ikaja miaka ya wanajeshi wa Katanga hadi Januari 1963, na vita vya Shaba, jina la Katanga enzi za Zaïre, vya 1977 na 1978, na kila wimbi lilileta lake. Makarov nyingi zina historia ya karibu zaidi, na mtu akisema ya kwake ilikuwa ya babu yake enzi za ukoloni, namwangalia tu: jeshi la Kisovieti liliipokea mwaka 1951 na haikuuzwa kwenye maduka ya Élisabethville.

Nimetoa sharjeri. Si iko tupu?

Hapana. Ningekuwa na nafasi ya jibu moja tu, ningetoa hili.

Sharjeri ni kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mshikio. Ukikitoa, umetoa risasi zilizo ndani yake tu. Iliyokwisha kupanda kwenye mtutu imebaki pale pale, na ndiyo itakayotoka kwanza. Kwenye bastola nyingi ndogo za zamani huwezi kuiona kutoka nje. PPK ina kipini kidogo kinachotokeza juu ya nyundo kukuonya kwamba kuna risasi ndani, ingawa baadhi ya zilizotengenezwa wakati wa vita hazikuwekewa. Ya 1910 haina onyo lolote: imebeba au haikubeba, imekokiwa au haikukokiwa, sura ni ile ile.

Sasa sikiliza mtego. Ya 1910, ya 1922, Baby na GP 35 zina kizuizi kinachofanya kifyatulio kisifanye kazi sharjeri ikiwa nje. Ya 1900, ya 1903 nayo ya FN, PPK na Makarov hazina. Kwa hiyo mwenye PPK aliyetoa sharjeri na kubonyeza ili "kuhakikisha" anapiga risasi ukutani, kama ana bahati. Mwenye 1910 anabonyeza, hakuna kinachotokea, anaamini iko tupu. Baadaye anarudisha sharjeri isiyo na risasi ili aifunge vizuri kwenye kitambaa, anabonyeza tena kwa mazoea, na ile risasi iliyokuwa imelala kwenye mtutu inatoka. Kizuizi kilichowekwa kumlinda kimemdanganya. Tundu kwenye dari la jiko la nyumba moja ya Kamalondo, ambalo mama mwenye nyumba alikuwa akiliziba kwa kalenda, lilitokana na mambo hayo hayo kwa mpangilio huo huo.

Utaratibu ni huu, na haubadiliki. Mdomo uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitamkuta mtu: udongo wa nje, gunia la mchanga, sakafu ya saruji hairuhusiwi maana risasi hudunda. Kidole kiwe mbali na kifyatulio. Toa sharjeri kwanza. Kwenye za FN ndogo za zamani komeo lake liko chini kabisa kwenye kisigino cha mshikio, kwenye PPK ni kitufe ubavuni. Kisha vuta kulasi nyuma hadi mwisho, kwa nguvu. Kama kulikuwa na risasi itaruka nje, au itabaki imeng'ang'ania. Shikilia kulasi nyuma, chungulia, na ingiza kidole kidogo uguse tundu la mtutu. Macho huongopa kwenye mwanga wa jioni, kidole hakiongopi. Anayevuta kulasi kabla ya kutoa sharjeri anapandisha risasi nyingine bila kujua.

Kulasi ikigoma kurudi kwa sababu ya kutu, acha. Usiipige kwa nyundo, usiibane kwenye jiliwa, usimpe kijana mwenye nguvu. Ihesabu kuwa ina risasi, iweke mahali panapofungwa, nenda kwenye swali la urithi hapa chini.

Mzee alisema ina "usalama tatu". Si inatosha?

Ya 1906 ya toleo la baadaye na ya 1910 ziliuzwa kwa sifa hiyo: komeo la kidole gumba, kibao cha mshikio, na kizuizi cha sharjeri. Sifa ilikuwa ya kweli kwa wakati wake. Ila vyote vitatu huzuia mfumo wa kifyatulio. Hakuna kinachoishika pini yenyewe inayopiga risasi, na pini hiyo inasukumwa na springi iliyokandamizwa muda wote bastola ikiwa imekokiwa. Kinachoizuia isiruke ni ukingo mdogo wa chuma, mwembamba kuliko ukucha. Ukingo ule ukilika kwa miongo, bastola ikaanguka kwenye saruji, usalama wote watatu ukiwa umefungwa, inaweza kulia.

Hata bastola zisizo kongwe sana zina mambo. Mwaka 2009 Smith & Wesson ya Marekani iliwaita wenye PPK ilizokuwa ikizitengeneza tangu 2002 wazirudishe, kwa kuwa kushusha nyundo kungeweza kufyatua risasi bila kifyatulio kuguswa. Ikiwa bastola mpya kabisa ilihitaji kurudi kiwandani, usiniambie ya baba mkubwa iliyolala miaka hamsini "haina neno".

Imeandikwa 9. Risasi za 9 si zote ni moja?

Hapa watu wameumia. Namba hiyo ni unene wa risasi kwa kukadiria, na chini yake kuna familia nne zisizooana. 9 fupi, ile ya Browning 1910 na Beretta 1934, ina kasha la milimita 17. Ya Makarov ni 18, na risasi yake ni nene kidogo kuliko wenzake. Parabellum, ya GP 35 na ya bastola nyingi za jeshi, ni 19, na nguvu yake ni kubwa zaidi sana. 9 ndefu ya Browning, ya toleo la 1903, ni 20. Bastola ndogo hazina kufuli kati ya mtutu na kulasi: uzito wa kulasi na springi ndivyo tu vinavyozuia moto usirudi usoni kwako. Zimepimwa kwa risasi dhaifu. Risasi kuingia si ruhusa ya kuipiga.

Kwa 7.65 ni vivyo hivyo. Ya Browning ni fupi na nyoofu. 7.65 Parabellum ina shingo kama chupa. Wafaransa nao walikuwa na ndefu yao. Na ya 1910 ilitengenezwa kwa 7.65 na kwa 9 fupi, tofauti kubwa ikiwa ni mtutu, kwa hiyo kulasi inaweza kuwa imewahi kukaa juu ya mtutu mwingine. Soma namba iliyo kwenye mtutu, pale panapoonekana kupitia tundu la kutemea maganda. Usisome mshikio, wala usisikilize jirani.

Tumekuta risasi ndani ya soksi. Bado nzima?

Zikiwa na ukungu wa kijani, hazifai hata kuhifadhiwa. Zikiwa safi, baruti au kifuniko cha kuwashia kinaweza kuwa kimekufa au kimedhoofika, na kudhoofika ndiko kubaya: pini inagonga, kimya, mtu anageuza bastola aitazame, ndipo inalia. Kimya kikitokea, elekeza mdomo mbele na usubiri nusu dakika nzima kabla ya kugusa kitu. Risasi nyingi za kijeshi za zamani pia huacha chumvi kwenye mtutu. Katika mvua zetu za Novemba hadi Machi mtutu ule huota kutu kwa siku chache. Wazee wa jeshi walijua kuusuuza kwa maji ya moto kisha mafuta, na wajukuu hucheka wakidhani ni uchawi.

Usizitupe kwenye choo, usizichome na takataka. Zinaenda pamoja na bastola.

Wenye nazo wanasemaje juu ya kuzipiga?

Wanatofautiana, na raha ya kuwasikiliza iko hapo. Mzee mmoja mwenye ruhusa, aliyekuwa mlinzi wa mkurugenzi wa mgodi, anaisifu 1922 yake kama watu wanavyosifu mke wa kwanza: haijawahi kumwangusha, inalala vizuri mkononi, inarudi taratibu. Nimeiona ikipiga na nakubaliana naye. Mshikio ni mrefu wa kutosha kwa kidole cha mwisho, na 7.65 haina fujo.

Wa PPK ya 9 fupi hulalamika. Bastola ni ndogo, springi yake kali, na kulasi ikirudi hukwaruza nyama ya kati ya gumba na shahada. Mwenye mkono mnene huondoka na mistari miwili myekundu. GP 35 za zamani zina tabia kama hiyo kwa upande wa nyundo: ile ya duara inabana ngozi. Za 6.35 hakuna anayezisifu kwa kulenga, kwa kuwa kionea chake ni mfereji mwembamba tu juu ya kulasi, na zaidi ya hatua chache unabahatisha. Ya 1900 ina jambo lake la kupendeza: isipokokiwa, kipande cha ndani kinainuka na kuziba njia ya jicho, kwa hiyo ukishindwa kulenga unajua haiko tayari. Sijaona wazo hilo likirudi kwenye bastola nyingine, na ni hasara.

Mvuto wa kwanza wa kifyatulio cha PPK na Makarov ni mzito, wa pili mwepesi. Wageni hupiga ya kwanza chini na ya pili juu. Wenye nazo wa miaka mingi hawalitaji hata, mkono umeshazoea.

Inakwama kila risasi ya pili. Shida ni nini?

Mara nyingi ni sharjeri. Watu hukimbilia kulaumu mtutu au kulasi, lakini kipande kilichoanguka sakafuni mara nyingi zaidi maishani ni kile kisanduku cha bati. Tazama midomo yake miwili ya juu inayoshika risasi. Ikiwa mmoja umefunguka kuliko mwenzake, hata kwa unene wa karatasi, risasi hupanda ikiwa imeinamia upande na kugonga ukuta. Kutu ya ndani huikwamisha springi, ikapandisha polepole, kulasi ikapita juu ya risasi bila kuichukua.

7.65 Browning ina ugonjwa wake. Kitako cha kasha lake kina ukingo unaotokeza kidogo. Ukipanga risasi vibaya ndani ya sharjeri, ukingo wa iliyo juu ukakaa nyuma ya ukingo wa iliyo chini, zinafungana na hakuna nguvu ya springi itakayozitenganisha. Zitoe zote, zipange upya kila moja ikiwa mbele kidogo ya ile iliyo chini yake. Kazi ya dakika mbili, na nimeona watu wakibadilisha springi, wakisugua mtutu, wakaiita bastola imelogwa, kabla ya kujaribu hilo.

Kwa Wahispania wa aina ya Ruby, waliotengenezewa jeshi la Ufaransa katika vita vya kwanza na warsha nyingi tofauti, sharjeri ya moja haifai lazima kwenye nyingine ijapokuwa zinafanana kama mapacha.

Naweza kuifungua niisafishe mwenyewe?

Kama huna ruhusa ya kuwa nayo, usianze: soma swali la urithi. Kama unayo, kwa PPK na Makarov ni rahisi, kilinzi cha kifyatulio kinashushwa na kulasi inatoka. Kwa 1910 uwe na adabu. Ile pete ya mdomoni inasukumwa ndani na kuzungushwa, na nyuma yake springi ndefu imejikunja ikisubiri. Ukiteleza, pete inaruka moja kwa moja kuelekea palipo na uso wako, maana ulikuwa umeinama uone vijino. Weka mdomo wa bastola ndani ya kitambaa kinene, funika kwa kiganja, achia polepole. Mmoja wa wateja wangu aliipata pete yake kwenye sufuria ya maharage ya jirani. Alicheka yeye, jirani hakucheka.

Mafuta ya cherehani yanatosha, tone moja moja. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi. Mafuta ya injini yaliyotumika yana vumbi la chuma. Usitumie sufi ya chuma ya kusugulia sufuria: itaondoa kutu, rangi ya buluu na namba, na bastola iliyofutika namba ni balaa mbele ya polisi.

Usifyatue tupu tupu kwa kujifurahisha. Pini za zamani hukatika, na kupata nyingine ni kazi.

Ihifadhiwe wapi?

Nje ya mfuko wake wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na chumvi za kuichakata, na umbo la bastola huchorwa kwa kutu kufuata mishono. Kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, risasi kisanduku kingine na ufunguo mwingine. Juu ya kabati si mahali. Watoto wa komini za Kenya na Katuba hapa Lubumbashi wanapanda miembe, kabati litawashinda?

Eti aina hii ndiyo iliyoanzisha vita vya kwanza. Ina bei?

Gavrilo Princip alimpiga Franz Ferdinand Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 kwa FN ya 1910, ya 9 fupi. Hadithi za zamani husema ilikuwa ya 1900, na wenye 1900 hupenda kuziamini. Bastola yenyewe ina namba 19074 na iko kwenye jumba la makumbusho ya jeshi la Vienna. Ya kwako ni nyingine, mojawapo ya mamia ya maelfu. Ulaya na Marekani wapo wakusanyaji wanaolipia iliyo safi yenye sanduku na karatasi. Hapa, bila karatasi, mnunuzi pekee utakayempata ni yule ambaye hukutaka awe na bastola.

Ni urithi. Si inakuwa yetu tu?

Nyumba inarithiwa, ng'ombe wanarithiwa, ruhusa ya silaha hairithiwi. Silaha na risasi zinatawaliwa na Ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na ruhusa hutolewa kwa mtu kwa jina lake. Aliyepewa akifa, karatasi inakufa naye. Ile hati yenye muhuri wa République du Zaïre, Région du Shaba, mnayoitunza kwenye plastiki, inasaidia jambo moja kubwa: kuonyesha kwamba mzee hakuiiba. Haimpi mwanawe haki ya kuishika.

Sasa jinsi ya kuitoa nyumbani, ambapo hofu ni ya haki. Usiiweke kwenye mfuko ukapanda teksi nayo. Ukikamatwa njiani unapoipeleka, maelezo yako na ya mwizi yatafanana. Iache imefungwa ndani. Aende mtu mzima wa familia, mkubwa kwa umri kama inawezekana, akiwa na cheti cha kifo, hati ya zamani kama ipo, na namba ya bastola iliyoandikwa kwenye karatasi. Aanzie kwa mkuu wa mtaa anayeifahamu familia, au kwa wakili, ndipo waende pamoja kwenye ofisi ya polisi na kuomba waje kuichukua. Tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo, CNC-ALPC, ipo kwa kazi hii, na ukimpata mtu wake Lubumbashi mambo huwa mepesi zaidi. Katikati ya miaka ya 2000 shirika la PAREC lilikuwa likibadilishana silaha kwa baiskeli hapa Katanga, na watu bado huuliza baiskeli ziko wapi. Usiingojee baiskeli.

Mkifika, dai karatasi ya makabidhiano yenye aina, namba, idadi ya risasi, tarehe, jina na sahihi ya aliyepokea. Piga picha ya karatasi ile. Akisema "haina haja", kaa chini useme utasubiri. Mama mmoja wa Bel Air alisubiri hadi jioni na kitoweo chake kwenye kapu, akaipata.

Anayetaka kubaki nayo kihalali aombe ruhusa mpya kwa jina lake na ajiandae kusikia hapana.

Wezi wamezidi. Si afadhali nibaki nayo chini ya mto?

Wezi wa usiku huja kwa kundi na mara nyingine na silaha za kivita. Wewe utakuwa umeamka gizani, na bastola ya 6.35 yenye risasi za mwaka wa uhuru, usiyojua kama italia, usiyoweza kuilenga. Wakijua unayo, wanakuja kwa ajili yake. Wenye ruhusa niliowauliza, hata yule mzee wa 1922, wanasema ndani ya nyumba wanaamini zaidi mlango wa chuma, taa na filimbi ya majirani. Yeye ya kwake iko kwenye sanduku la kufuli mbili na ufunguo mmoja uko kwa mkewe.

Naweza kuvuka nayo mpaka wa Kasumbalesa nimpelekee ndugu Ndola, Zambia?

Hapana. Ukiwa na karatasi za hapa hazikufai kule, ukiwa bila karatasi umejifunga pande mbili.

Fundi wa kuchomelea mtaani anaweza kuiziba iwe pambo?

Ameziba mtutu, hajaziba sheria. Polisi ataiona bastola. Kuna pia hatari ya moto wa kuchomelea kukutana na risasi ambayo hakuna aliyeitazama.

Vijana wanaochimba msingi wameikuta ardhini.

Simamisheni kuchimba. Aliyezika bastola huenda alizika na vingine, na bomu la mkono lililoota kutu halitofautiani na donge la udongo. Wekeni alama, watu wasogee mbali, mwite mkuu wa mtaa na polisi. Asiichomoe mtu kwa koleo.

Tukishaikabidhi, tunaweza kubaki na mfuko wa ngozi, picha na hati ya zamani?

Picha na mfuko mtupu ni vyenu. Hati ya asili huenda wakaitaka iambatane na bastola, kwa hiyo fanyeni nakala mbili mapema, na moja ikae pamoja na karatasi ya makabidhiano. Sharjeri ya akiba haibaki: iangalieni kwenye mfuko mdogo ulioshonwa mbele ya ule wa ngozi, hukaa humo na hakuna anayeikumbuka.